Seva ya imeli ofisini inapokea ila haitoi hata moja tangu Jumanne usiku, wataalamu wa Mbeya naomba msaada

#1 KaraniWaTunda, Alhamisi saa 2:14 usiku
Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya mjini, ofisi yetu ipo huku Mafiati, tunanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na Njombe tunapeleka nje. Tuna seva yetu ya imeli hapo hapo ofisini, ni programu ya Postfix juu ya mfumo wa CentOS 7, aliifunga kijana mmoja ambaye alishaacha kazi mwaka juzi na mimi ndo nikabaki nayo ingawa kazi yangu hasa ni mahesabu na nyaraka za mzigo. Sasa Jumanne jioni radi ilipiga maeneo yetu ikaunguza rauta, Jumatano asubuhi akaja fundi wa nje akaweka rauta mpya ya MikroTik, intaneti ikarudi vizuri kabisa, tovuti zinafunguka, WhatsApp inaenda, benki inaenda. Ila imeli za kwenda nje haziendi. Za ndani kwa ndani zinafika sekunde hiyo hiyo, za kutoka nje zinaingia kama kawaida. Ukituma kwenye Outlook unaona imeondoka, haikupi kosa lolote, lakini mtu hapokei. Mteja wetu wa Rotterdam anasubiri orodha ya mzigo na namba ya kontena, kontena limeshapakiwa tayari, kapiga simu mara tatu leo na kila mara ninamjibu mimi. Nimeshazima na kuwasha seva mara nne. Niangalie wapi?

#2 NgojaWaje, saa 2:20 usiku
Pole sana mkuu. Nimekaa siti ya mbele, ngoja wataalamu waje.

#3 FundiUyole, saa 2:31 usiku
Usiizime tena hiyo seva, haijakukosea kitu. Bila logi hapa tutapiga ramli tu. Ingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa seva, andika tail -n 50 /var/log/maillog kisha tuwekee mistari miwili mitatu yenye neno deferred, yaani barua iliyoahirishwa. Halafu andika mailq, shuka mpaka chini kabisa, kuna mstari unakwambia foleni ina barua ngapi.

#4 KaraniWaTunda, saa 2:58 usiku
Asante. Mistari yote inafanana, hii hapa nimeficha anwani tu:
connect to gmail-smtp-in.l.google.com:25: Connection timed out
status=deferred
Na zile za mteja zinasema hivyo hivyo ila jina la seva ni la kwake. Foleni imeandika 412 Requests.

#5 MwanaKihesa, saa 3:05 usiku
Kamwene kutoka Iringa. Hapo hakuna cha kuzunguka mkuu, poti 25 imefungwa na mtoa huduma wako wa intaneti. Seva ya imeli inapopeleka barua kwa seva nyingine inapita poti 25, hiyo ndo njia ya seva kwa seva. Watoa huduma wengi duniani wanaifunga kwa wateja wa kawaida kwa sababu laptopu ikiingiwa na virusi inaanza kumwaga spamu kupitia hapo hapo. Tovuti zinapita 443 kwahiyo lazima zifunguke, WhatsApp nayo haihusiki na 25. Umebadilishiwa rauta, inawezekana wamekusajili upya kwenye kifurushi cha nyumbani badala ya kile cha ofisi. Piga simu wakufungulie.

#6 NjombeBaridi, saa 3:11 usiku
Mwanakihesa anaweza kuwa sahihi ila mimi naona kingine. Rauta ya zamani bila shaka ilikuwa imeandikwa IP ya kudumu kwa mkono, hii mpya fundi kaiacha ichukue yoyote inayopewa. Angalia ile IP ya upande wa nje ya rauta, kama inaanzia 100.64 mpaka 100.127 basi umewekwa nyuma ya CGNAT, yaani nyie na wateja wengine kibao mnatumia IP moja ya nje. Huko poti 25 kufungwa ni jambo la kawaida sana, na hata ikifunguliwa hiyo IP kuna uwezekano mkubwa ipo kwenye blakilisti kwa makosa ya watu usiowajua.

#7 BintiTukuyu, saa 3:19 usiku
CGNAT haiwezekani. Mleta mada kasema za nje zinaingia. Ukiwa nyuma ya CGNAT hakuna mtu wa nje anayeweza kukugongea mlango, seva ya Google ingekutafuta ikukose. Kama zinaingia maana yake IP yake ya kudumu ipo hai.

#8 NjombeBaridi, saa 3:22 usiku
Hapo umenibana dada, nakubali kwa sasa.

#9 MzeeWaStesheni, saa 3:40 usiku
Vijana salama? Mimi nilifanya kazi za mawasiliano miaka mingi hapa Mbeya, kabla ya nyaya za baharini kufika Dar mwaka 2009 tulikuwa tunategemea dishi la setelaiti, barua moja yenye picha unaisubiri mpaka chai inapoa. Hiyo poti 25 ipo tangu 1971 na haijawahi kuwa na tatizo lenyewe kama lenyewe. Msisahau Mei 2024 nyaya zilivyokatika baharini, nchi nzima ilikwama. Yawezekana ni jambo la namna hiyo, kuna njia ya kwenda Ulaya imezimika.

#10 BintiTukuyu, saa 3:52 usiku
Shikamoo mzee wangu. Nasahihisha kidogo tu kwa heshima. 1971 ni ule mwaka Ray Tomlinson alipotuma imeli ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye mtandao wa ARPANET. SMTP yenyewe, hii tunayotumia mpaka leo, aliiandika Jon Postel mwaka 1982. Na ile ya tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, kwa pamoja, kila kitu kikawa kizito, siyo imeli peke yake. Huyu mwenzetu tovuti zinamfungukia na benki inaenda.

#11 MzeeWaStesheni, saa 4:01 usiku
Marahaba mwanangu. 1982, nimeshika.

#12 DogoIyunga, saa 4:09 usiku
Mimi nasoma kompyuta hapa Iyunga. Foleni ikijaa inajisonga yenyewe, zile za zamani zinazuia mpya. Andika postsuper -d ALL halafu uwashe Postfix upya, itakuwa nyepesi na zitaanza kwenda.

#13 FundiUyole, saa 4:11 usiku
HAPANA HAPANA HAPANA. Mleta mada usiandike hiyo kitu. Hiyo -d ni kufuta, utafuta barua zote 412 na ile ya Rotterdam ikiwemo na hazirudi tena. Kama unataka kuzisimamisha tumia postsuper -h ALL, herufi h, zinashikiliwa pale pale hazipotei. Kuzisoma unatumia postcat -q ukifuatisha na namba ya barua. Dogo nakuelewa unataka kusaidia ila amri ya kufuta haiandikwi kwenye uzi wa mtu ambaye mzigo wake upo njiani.

#14 DogoIyunga, saa 4:15 usiku
Samahani sana kaka. Nimeielewa.

#15 KaraniWaTunda, saa 4:18 usiku
Mungu wangu, nilikuwa nimeshaiandika nabakiza kubonyeza enter. Nimeifuta. Asante Fundi, nimekaa chini kwanza.

#16 MafingaMbao, Ijumaa saa 1:25 asubuhi
Nimeusoma uzi wote asubuhi hii. Kitu kimoja ambacho hakijasemwa. Mkuu usije ukamtumia mteja wako nyaraka kwa Gmail yako binafsi ili tu siku iende. Sisi huku Mafinga tunauza mbao na nguzo, miaka michache nyuma imeli ya ofisi ilikufa wiki nzima, mtu wetu wa mauzo akawa anawasiliana na mnunuzi kwa imeli yake mwenyewe, mnunuzi akazoea. Siku ya nane ikaja barua nyingine inayofanana na ya mtu wetu, herufi moja tu tofauti, L imewekwa badala ya I, inasema akaunti ya benki imebadilika lipeni huku. Wakalipa. Pesa ya malori mawili ya nguzo ikaenda kwa watu ambao hatujawajua mpaka leo, na mnunuzi anasema alishalipa, sisi tunasema hatujaona. Mimi ndiye niliyesaini kutoa mzigo. Mpigie simu, mwambie imeli ya ofisi imesimama na asikubali mabadiliko yoyote ya benki kwa njia nyingine.

#17 KaraniWaTunda, saa 1:50 asubuhi
Pole sana kwa hilo. Nilikuwa naelekea kufanya hivyo hivyo leo asubuhi. Nitampigia. Halafu mimi ni dada, siyo kwamba nakataa ukuu.

#18 MwanaKihesa, saa 1:58 asubuhi
Samahani dada, na ukuu unabaki nao.

#19 FundiUyole, saa 2:10 asubuhi
Haya turudi kazini. Ukiwa kwenye seva yenyewe andika telnet gmail-smtp-in.l.google.com 25 usubiri nusu dakika. Kisha telnet smtp.gmail.com 587. Ya pili ikijibu mstari unaoanza na 220 na ya kwanza ikakaa kimya, basi ni 25 tu inayozuiwa na seva yako ni nzima. Zote zikikaa kimya tunaangalia fayawoli ya seva.

#20 NjombeBaridi, saa 2:14 asubuhi
Na ili kujua kama ni mtoa huduma au la, chomeka laptopu kwenye hotispoti ya simu ufanye telnet ile ile ya 25. Ikipita huko basi tatizo ni laini ya ofisi.

#21 BintiTukuyu, saa 2:21 asubuhi
Kipimo cha hotispoti kinadanganya. Mitandao mingi ya simu nayo inafunga 25, kwahiyo ikigoma huko hujajifunza chochote. Ikipita sawa, ikigoma usitoe hukumu.

#22 KaraniWaTunda, saa 3:05 asubuhi
587 imejibu 220 palepale. 25 kimya, baadae Connection timed out. Hotispoti 25 nayo kimya, kama dada alivyosema. Nimepiga simu kwa mtoa huduma, nimekaa hewani dakika ishirini na tano, kijana kaniambia hawajafunga kitu chochote kwenye laini yetu na wao upande wao kupo kijani. Sasa nani anaifunga?

#23 MwanaKihesa, saa 3:09 asubuhi
Huyo wa simu anaangalia kama laini ipo hewani tu, hana namna ya kuona poti. Omba wakupandishe kwa mainjinia wao, tena uandikiwe namba ya tatizo.

#24 FundiUyole, saa 3:17 asubuhi
Kuna kipimo kizuri zaidi. Ukiwa root andika traceroute -T -p 25 gmail-smtp-in.l.google.com. Hiyo inatuma pakiti za poti 25 hatua kwa hatua, unaona zinafia wapi. Kisha andika traceroute ya kawaida bila -T -p 25 ulinganishe.

#25 KaraniWaTunda, saa 4:02 asubuhi
Ya kawaida: hatua ya kwanza rauta yetu, ya pili kifaa cha mtoa huduma, zinaendelea mpaka Google. Ya poti 25: hatua ya kwanza rauta yetu, kuanzia ya pili nyota tupu mpaka 30.

#26 MwanaKihesa, saa 4:05 asubuhi
Si nilisema! Imevuka rauta yako imefia kwa mtoa huduma. Kesi imeisha.

#27 FundiUyole, saa 4:26 asubuhi
Haijaisha kaka yangu, na hapa wengi wanakosea. Rauta kuonekana kwenye hatua ya kwanza hakumaanishi imeipitisha pakiti. Pakiti ya kwanza inafika pale umri wake umeisha, rauta inairudishia taarifa kabla hata haijauliza fayawoli yake kama ipite au isipite. Kwahiyo rauta inaweza kuwa yenyewe ndo inaitupa na bado ikaonekana hapo kwenye hatua ya kwanza bila wasiwasi. Kama ungeona kifaa cha mtoa huduma kwenye hatua ya pili ndo ningesema rauta imepona. Na mafundi wengi wa MikroTik wana faili la sheria wanalonakili kutoka mteja mmoja kwenda mwingine, ndani yake mara nyingi kuna ile ya kuzuia spamu, rauta inahesabu miunganiko ya poti 25, kompyuta ikifungua mingi kwa mpigo inaiingiza kwenye orodha ya spammer na kuanzia hapo kila kitu chake cha 25 kinatupwa. Na wewe una foleni ya 412. Nani ana paswedi ya rauta?

#28 MwanaKihesa, saa 4:31 asubuhi
Hata kifaa cha mtoa huduma kinaweza kuitupa pakiti mlangoni kabisa kabla ya kuangalia umri wake, na hapo nacho hutakiona. Sibadilishi msimamo.

#29 KaraniWaTunda, saa 4:40 asubuhi
Paswedi anayo fundi tu. Nimempigia, yupo Tunduma anafunga kamera kwenye ghala la mtu, anasema Jumatatu. Kuitaja kwa simu hataki, anasema ni ile ile anayotumia kwa wateja wake wote.

#30 NjombeBaridi, saa 4:44 asubuhi
Paswedi moja kwa wateja wote. Jumatatu akija hiyo iwe ya kwanza kubadilishwa, uiandike, uifungie kwenye kabati la bosi.

#31 BintiTukuyu, saa 5:12 asubuhi
Mimi kuna kitu kinanisumbua tangu jana. Dada, ofisi yenu ina watu wangapi wanaotumia imeli?

#32 KaraniWaTunda, saa 5:15 asubuhi
Kumi na wanne.

#33 BintiTukuyu, saa 5:19 asubuhi
Na mna barua 412 ndani ya siku mbili. Watu kumi na wanne hawaandiki hivyo hata wakati wa msimu. Angalia kwenye mailq safu ya mtumaji, ni nani amejaa?

#34 KaraniWaTunda, saa 6:03 mchana
Nimehesabu kwa kidole kwenye karatasi. 61 ni zetu kweli, nawajua wanaopelekewa. Nyingine zaidi ya mia mbili zimetoka kwa akaunti ya mauzo kwenda anwani ambazo sijawahi kuziona, nyingi zinaishia na majina ya nchi nyingine huko. Zilizobaki mtumaji ameandikwa MAILER-DAEMON, yaani seva yenyewe inaporudisha taarifa. Nimefungua moja kwa postcat, ni Kiingereza, inamwambia mtu kifurushi chake kimekwama abofye hapa alipie. Aliyekuwa mauzo aliacha kazi mwezi wa pili, akaunti yake hatukuifunga.

#35 MzeeWaStesheni, saa 6:10 mchana
Daah.

#36 BintiTukuyu, saa 6:18 mchana
Hapo ndo penyewe. Paswedi ya mauzo imeibwa, mtu anatumia seva yenu kumwaga spamu, mtoa huduma kaona akafunga 25 kimya kimya, au rauta imefunga yenyewe kama alivyosema Fundi. Radi imetokea wiki hiyo hiyo tu. Badilisha paswedi ya mauzo sasa hivi, ifunge kabisa, zile za spamu zishikilie kwa -h mpaka utulie.

#37 FundiUyole, saa 6:25 mchana
Badilisha ndiyo, tena paswedi za wote. Ila tusiseme ndo chanzo moja kwa moja. Angalia hiyo barua ya kwanza kabisa ya spamu ina tarehe gani. Kama ni Jumatano baada ya rauta kuwekwa basi spamu imekuja baada ya mlango kufunguliwa vibaya, na siyo iliyofunga 25.

#38 KaraniWaTunda, saa 6:41 mchana
Ya zamani kuliko zote kwenye foleni ni Jumanne saa 5 usiku. Radi ilikuwa saa 12 jioni. Rauta ilikuwa imekufa muda huo. Sielewi iliingiaje.

#39 NjombeBaridi, saa 6:44 mchana
Kama rauta imekufa hakuna mtu wa nje aliyeingia. Labda virusi vipo kwenye kompyuta mojawapo ya hapo ofisini, inatuma kutokea ndani.

#40 LudewaTech, saa 7:02 mchana
Au saa ya seva inadanganya. Andika date. Huku kwetu umeme ukikatika sana betri ndogo ya ubao mama inaisha, ile ya duara CR2032, seva ikiwaka inaanza na tarehe ya ajabu. Nilihangaika siku mbili na seva ya shule moja ilikuwa inaamini tupo Januari 2010, kila cheti cha usalama inakikataa, walimu wanasema intaneti imeharibika. Betri ya shilingi elfu mbili.

#41 KaraniWaTunda, saa 7:09 mchana
date imesema Ijumaa, lakini ipo nyuma saa kumi na moja na dakika kadhaa. Simu yangu inasema saa 7:09, seva inasema saa 8 kasoro usiku wa kuamkia leo.

#42 BintiTukuyu, saa 7:11 mchana
Hapo sasa hatujui hiyo Jumanne saa 5 usiku ni Jumanne kweli au ni Jumatano asubuhi rauta mpya ikiwa imeshawaka.

#43 FundiUyole, saa 7:20 mchana
Au ilirudi nyuma baadae, wewe ulipoizima na kuwasha mara nne. Haiwezi kujulikana tena kirahisi. Rekebisha saa, washa chronyd iwe inajirekebisha, nunua betri. Tuendelee, maana kuna jambo la muda hapa. Postfix kwa kawaida inashikilia barua siku 5 tu, zikiisha inamrudishia mtumaji. Zenu za Jumatano zitaanza kurudi Jumatatu. Kwenye main.cf, lile faili la mipangilio ya Postfix, ongeza maximal_queue_lifetime = 10d kisha postfix reload.

#44 KaraniWaTunda, saa 8:30 mchana
Nimefanya yote, saa iko sawa, mauzo nimeifunga. Kuna swali, IP ya nje niliangalia kwenye zile tovuti za kuonyesha IP. Siyo ile iliyobandikwa kwenye karatasi ukutani. Hiyo ina maana gani, maana imeli bado zinaingia?

#45 NjombeBaridi, saa 8:34 mchana
Subiri. Zinaingiaje kama IP imebadilika? Dada, kwenye seva kuna kitu kinaitwa fetchmail?

#46 KaraniWaTunda, saa 8:52 mchana
Ndiyo ipo. Kila dakika tano inaenda kuchukua barua kwenye hosting yetu ya nje na kuzigawa kwa watu. Nilidhani seva zote ziko hivyo.

#47 NjombeBaridi, saa 8:54 mchana
BINTI TUKUYU NJOO HUKU.

#48 BintiTukuyu, saa 9:03 mchana
Nimekuja na nimeona, CGNAT nairudisha mezani kwa mikono yangu miwili. Fetchmail inatoka nje kuchukua, haigongewi mlango, kwahiyo kuingia kwa imeli hakukuwa ushahidi wa IP. Na hata ingekuwa siyo CGNAT, IP ikishabadilika SPF ya domeni yenu, ile orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, bado inataja ile ya ukutani. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, ile sahihi ya kidijitali ya barua, inayokubali, na IP iwe na jina lake la kurudi nyuma, ile PTR. Kwahiyo leo mtoa huduma akikufungulia 25 utavuka mlango mmoja ugonge ukuta wa pili.

#49 MwanaKihesa, saa 9:10 alasiri
Kwahiyo aombe IP yake ya zamani irudishwe na 25 ifunguliwe. Hoja yangu ipo pale pale.

#50 FundiUyole, saa 9:28 alasiri
Aombe ndiyo ila Rotterdam haisubiri. Dada, kama hosting mnailipia basi ina seva ya kutumia barua pia. Acha kupeleka mwenyewe kwa poti 25, zipeleke zote kwa hosting kwa 587, wao wazifikishe. Kwenye main.cf weka relayhost = [jina la seva ya hosting]:587, zile alama za mabano ya mraba usizisahau. Washa smtp_sasl_auth_enable = yes, weka smtp_tls_security_level = encrypt, jina na paswedi ya akaunti vinakaa kwenye sasl_passwd unaipiga postmap. Kabla ya kuachia hakikisha zile za spamu zote zimeshikiliwa, hosting ina kikomo cha barua kwa saa na wakiona uchafu ule watakufungia akaunti. Na ongeza hosting kwenye SPF.

#51 KaraniWaTunda, Jumamosi saa 4:15 asubuhi
Nimefuata. Sasa logi inasema SASL authentication failed, no mechanism available. Paswedi ni sahihi, kwenye tovuti yao inaingia.

#52 LudewaTech, saa 4:22 asubuhi
Huna kifurushi cha cyrus-sasl-plain. yum install cyrus-sasl-plain.

#53 KaraniWaTunda, saa 4:40 asubuhi
yum inasema haiwezi kupata mirrorlist.centos.org.

#54 LudewaTech, saa 4:47 asubuhi
CentOS 7 muda wake uliisha tarehe 30 Juni 2024, hizo anwani hazipo tena. Fungua mafaili ya /etc/yum.repos.d, funga mistari ya mirrorlist, baseurl ielekeze vault.centos.org. Ni ya kushusha kifurushi hicho tu, hiyo seva baada ya hapa inatakiwa ihamie mfumo mpya, haipati viraka vya usalama tena. Pengine mwizi wa paswedi aliingilia huko.

#55 BintiTukuyu, saa 4:51 asubuhi
Au paswedi ya mauzo ilikuwa mauzo123.

#56 KaraniWaTunda, saa 4:53 asubuhi
Ilikuwa mauzo2021.

#57 KaraniWaTunda, saa 7:36 mchana
ZINAENDA!! Nimejitumia Gmail imefika, siyo kwenye spamu, imefika ukurasa wa kwanza. Foleni ya zetu ilikuwa 61 sasa ni 19. Ndaga fijo wote.

#58 MzeeWaStesheni, saa 7:50 mchana
Hongera mwanangu. Na mwambie bosi wako aweke ardhi nzuri na kinga ya radi kabla ya msimu ujao. Mbeya radi haibishi hodi, nimeona nguzo na nguzo.

#59 KaraniWaTunda, Jumapili saa 2:05 usiku
Nimerudi na shida nyingine. Zile 19 hazijaenda tangu jana. Zote zina viambatanisho, ya Rotterdam ni PDF ya karibu MB 6. Logi inasema timed out while sending message body. Zisizo na kiambatanisho zinaruka palepale.

#60 KyelaNet, saa 2:13 usiku
Nilikuwa nasoma tu kimya. Hiyo ni MTU, kile kikomo cha ukubwa wa pakiti moja. Laini yako bila shaka ni PPPoE, pakiti kubwa haipiti mzima, rauta inatakiwa kuirudishia seva taarifa ya ICMP kwamba punguza, taarifa hiyo ikizuiwa seva inaendelea kutuma kubwa zile zile zinapotea njiani. Salamu za mwanzo ni ndogo zinapita, mwili wa barua ndo unakwama. Andika ping -M do -s 1472 kwenda seva ya hosting, kisha 1464, kisha 1400.

#61 MwanaKihesa, saa 2:16 usiku
Au hosting ina kikomo cha ukubwa.

#62 KyelaNet, saa 2:18 usiku
Kikomo cha ukubwa kinajibiwa kwa kosa la 552 lililoandikwa wazi. Kimya siyo kikomo.

#63 KaraniWaTunda, saa 2:31 usiku
1472 haikupita. 1464 nayo haikupita. 1400 imepita.

#64 KyelaNet, saa 2:33 usiku
ip link set dev eth0 mtu 1400, badilisha eth0 iwe jina la kadi yako. Kisha postqueue -f.

#65 KaraniWaTunda, saa 2:52 usiku
Nipo ofisini peke yangu na mlinzi. Nimeangalia mailq kila dakika, 19, 17, 12, 12, 12, nikadhani imekwama, 9, 4. Ya Rotterdam imeandika status=sent saa 2:47. Nimempigia, kaifungua tukiwa hewani, kanisomea namba ya kontena yote na ni yenyewe. Nimebakiwa na 1, imeenda kwa anwani ambayo haipo, mtu wetu aliikosea.

#66 MafingaMbao, saa 2:55 usiku
Alhamdulillah. Nimefurahi kama ni mzigo wangu.

#67 MwanaKihesa, saa 3:01 usiku
Safi sana dada. Ila mtoa huduma ndo aliyefunga 25, nitasema hivyo mpaka Jumatatu.

#68 NjombeBaridi, saa 3:04 usiku
CGNAT.

#69 BintiTukuyu, saa 3:06 usiku
Na akaunti ya mauzo haijasemewa bado.

#70 FundiUyole, saa 3:15 usiku
Dada, kesho fundi akifika kutoka Tunduma, kabla hajagusa kitu chochote mwambie aandike /ip firewall filter export na /ip address print, upige picha majibu yote mawili uyalete hapa. Akianza kurekebisha kwanza hatutajua kamwe. Na ile MTU uliyoweka inapotea seva ikizimwa, iandike kwenye faili la kadi, MTU=1400.

#71 KaraniWaTunda, saa 3:19 usiku
Nimeiandika kwenye faili. Kesho saa mbili na nusu asubuhi nitakuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na simu mkononi.